Mtoto Msikivu: Ulinzi wa Watoto Lweba, Jana na Leo

Ukikaa na wazee wa Lweba jioni, saa ambayo wavuvi wanatayarisha taa za kwenda kutafuta ndakala, malalamiko juu ya watoto hayakawii kuanza. Watoto wa leo hawasikii. Haki za mtoto zimewaharibu. Mashirika yamewafundisha kuwajibu wakubwa. Sogea kidogo hadi kwa mama kijana anayeanika muhogo, nawe utasikia ya upande wa pili: zamani watoto waliachiwa bahati. Msichana wa miaka saba alifungiwa mdogo wake mgongoni, akaambiwa aende naye ziwani kuchota maji, na lolote likiwapata husemwa ndivyo ziwa lilivyo.

Kila upande unaamini kwamba wenyewe ndio uliowajali watoto zaidi. Hapo wote wawili wanakosea, maana hofu ya mzazi kwa mwanawe haina zama. Kilichobadilika ni jibu la maswali mawili: hatari inatoka wapi, na mlinzi ni nani? Wazee waliogopa mahali wakaamini watu. Ziwa, mto, pori na giza ndivyo vilivyoua, na mtu mzima yeyote aliyepita karibu alikuwa mkono wa kumtoa mtoto humo. Kizazi cha leo kimefundishwa kinyume chake: kuamini mahali, yaani shule, kituo cha afya, uzio wa kambi, na kuwachunguza watu. Kati ya majibu hayo mawili umesimama utii wa mtoto. Kwa babu, mtoto mtiifu ndiye aliyekuwa salama. Kwa mjukuu aliyepita vitani, utii ni ufunguo ulioachwa mlangoni: yeyote anaweza kuuokota akaingia.

Lweba iko mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kando ya Barabara ya Kitaifa namba 5 inayotoka Uvira kushuka Baraka na Fizi, katika sekta ya Tanganyika. Babembe ndio wengi katika eneo hili la Fizi, na wanaishi pamoja na Babwari, Bafuliiru, Bavira na wengine, na Banyamulenge wako juu milimani. Mbele ya nyumba kuna ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Nyuma kuna milima, na mito inayoteremka kutoka huko hubadilika ndani ya saa moja mvua ikinyesha juu. Mamba wapo, viboko wapo, na nyoka hujificha kwenye mashamba ya muhogo.

Katika mazingira kama hayo, malezi yalijengwa juu ya amri fupi zisizo na maelezo: simama, rudi, nyamaza. Mtoto aliyetaka kujua sababu mbele ya nyoka hakuishi kuisikia. Miiko nayo ilifanya kazi hiyohiyo kwa njia ya kutisha. Usipige mluzi usiku. Usiitike sauti inayokuita gizani kabla hujamwona mwenye sauti. Aliyekulia Lamu au Pemba anazijua amri hizi. Tofauti ni kwamba huko anayekuja ni jini au mzuka, na huku ni mchawi au kiumbe cha majini. Ukiondoa majina ya viumbe hao, sheria ya Pwani na sheria ya Tanganyika ni moja: giza likiingia, mtoto awe ndani. Mzee hakuhitaji kueleza mamba anavyovizia. Alihitaji mtoto aogope vya kutosha kutokwenda, na hofu ilifika mahali ambapo maelezo hayafiki.

Ulinzi wa pili ulikuwa watu. Babembe walikuwa na lubunga, banda la wanaume ambapo walikula pamoja, wakazungumza mambo ya kijiji na kuamua kesi. Wavulana walipeleka chakula pale, wakasikiliza, wakajifunza kwa kutazama. Mgeni naye alipokelewa hapohapo kwanza. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtu asiyejulikana hakukutana na mtoto wa mtu kabla hajaulizwa ametoka wapi, ni wa ukoo gani na anatafuta nani. Hata barza za Kivu za leo, zile ambazo jamii zenye ugomvi huketishwa pamoja, zina asili katika mazoea haya ya kukaa na kuulizana. Kwa hiyo wazee wanaposema kwamba zamani mtoto alicheza kijiji kizima bila kuangaliwa, wanasahau kutaja kwamba kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kumwangalia kila aliyeingia.

Katika utaratibu huo, kumchapa mtoto wa jirani aliyekutwa akiogelea penye kina kirefu hakukuwa uonevu. Mzazi wake angeshukuru, na huenda angeongeza fimbo zake. Mkono mmoja haulei mwana, na mikono mingi ilikuwa na ruhusa moja.

Ruhusa hiyo ilionekana wazi zaidi katika butende, tohara ya Babembe. Wavulana waliondolewa kwa mama zao, wakakaa kambini nje ya kijiji chini ya wakubwa hadi wapone, wakifundishwa uvumilivu, heshima na siri. Ni wazo linaloshangaza kizazi cha sasa: kumpeleka mtoto kwenye maumivu ili awe salama baadaye. Pwani walifikiri vivyo hivyo katika jando. Pande zote mbili kisu kimehamia kwa sehemu kubwa kwenye mikono ya muuguzi. Wavulana wengi sasa wanadungwa ganzi, wanafungwa bendeji na kulala kwao usiku uleule. Damu na vidonda vimepungua, na hakuna anayepaswa kuyasikitikia mabadiliko hayo. Ila muuguzi anatibu mwili peke yake. Mafunzo ya kambini yaliyokuja pamoja na kisu hayakupata mtu wa kuyarithi, na mvulana anarudi nyumbani akiwa amepona jeraha bila kupata wakubwa wapya wa kumwelekeza.

Unyago wa Pwani ulikuwa na kitu kingine cha kulinganisha. Msichana alipewa somo, mwanamke asiye mama yake, ambaye alimfundisha mambo ya mwili na ya wanaume, na ambaye kwake angeweza kurudi maisha yake yote na maswali yasiyosemeka mbele ya mzazi. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki na Kongo, nafasi kama hiyo ilishikwa na bibi. Mbele ya baba, mtoto alinyamaza. Mbele ya bibi alitania, alidai, alilalamika, alimsema hata baba mwenyewe, na utani wa bibi na mjukuu ulimkinga asiadhibiwe kwa maneno yake. Mila iliyodai utii mkali barazani iliacha upenyo jikoni kwa bibi, na kupitia upenyo huo habari za mtoto zilifika kwa wakubwa. Nitarudi kwenye upenyo huo, kwa sababu kupotea kwake ndiko hasara kubwa kuliko zote, na hakuna anayekutaja katika mabishano ya jioni.

Lakini kabla ya kuyasifu ya kale tukapitiliza, ni lazima tuulize: ya kale yapi? Mwambao huu haukuwa bustani ya amani iliyokuja kuvunjwa na karne ya 20. Katika miaka ya 1880, wafanyabiashara wa misafara waliotokea Ujiji, wakiwemo watu wa Muhammad bin Khalfan aliyejulikana kama Rumaliza, walitawala biashara ya upande wa kaskazini wa ziwa, na watoto walikuwa miongoni mwa bidhaa. Waliuzwa kwa sababu walikuwa wadogo: hawana nguvu ya kutoroka, na wanajifunza haraka kutii. Katika hali hiyo Mapadri Weupe walifungua kituo cha Mulweba, katika nchi ya Masanze, mwaka 1880, kisha wakahamia Kibanga upande wa Ubwari mwaka 1883. Walikuwa wakiwakomboa watoto watumwa kwa kuwanunua, wakiwalea katika nyumba ya yatima hadi wawe wakubwa, wakawaozesha wao kwa wao. Kibanga ilikuja kuachwa mwaka 1893.

Kituo kile ni mwanzo wa mtindo ambao watu wa Fizi wanadhani umeletwa na mashirika ya juzi. Kwa mara ya kwanza mwambaoni hapa, usalama wa mtoto ulimaanisha uzio, orodha ya majina na mgeni mwenye mamlaka ya kulea. Pia ulikuwa na mashaka yaleyale ya leo. Mtoto aliokolewa kutoka kwa muuzaji, lakini hakurudishwa kwa bibi yake. Alipewa jina jipya, dini mpya na utii mpya. Wokovu na kung'olewa vilikuja katika mtumbwi mmoja.

Baada ya hapo ukaja ukoloni wa Wabelgiji, na baada ya uhuru vikaja vita ambavyo vizazi vinne vya Fizi vinavihesabia umri wao. Uasi wa Simba mwaka 1964. Che Guevara na Wacuba wake milimani kuanzia Aprili hadi Novemba 1965. Maquis, yaani maficho ya waasi, ya Laurent-Désiré Kabila tangu 1967. Vita vya 1996, vya 1998, na makundi ya wanamgambo wa kienyeji wa Mai-Mai yasiyokwisha. Hapa ndipo utii wa mtoto ulipoonyesha nyuso zake mbili katika usiku mmoja.

Uso wa kwanza ni ule wa kukimbia. Familia zilizovuka ziwa mwaka 1996 na miaka iliyofuata, kwenda Kigoma na baadaye kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, zinakumbuka watoto walioambiwa walale chini ya mtumbwi wasikohoe, nao hawakukohoa. Shika nguo ya dada yako, usiiache. Usilie. Amri zilezile zilizotungwa kwa ajili ya mamba na nyoka zikawapitisha watoto kati ya watu wenye bunduki. Mzee wa Lweba anayesisitiza usikivu hazungumzii adabu ya mezani. Anazungumzia kitu alichokiona kikiokoa watu.

Uso wa pili ni kadogo, yaani mtoto askari. Jeshi la waasi la AFDL lililoanza safari yake Kivu mwaka 1996 na kuingia Kinshasa Mei 1997 lilijaza watoto katika safu zake, na makundi ya wenyeji nayo yakafanya hivyo kwa sababu zake. Kwa Mai-Mai, mtoto alionekana anafaa kwa dawa ya kuzuia risasi kwa kuwa bado ni safi, hajavunja miiko ya dawa. Makamanda wa pande zote waliwataka watoto kwa sababu ileile iliyowafanya wazazi wawasifu: wanafanya wanaloambiwa bila kuuliza. Aliyemwita mtoto mara nyingine hakuwa mgeni. Alikuwa mjomba, jirani, kaka wa rafiki, mtu aliyekaa lubunga moja na baba yake. Baadhi ya wazazi walimtoa mtoto wenyewe, wakiamini kijana wao analinda kijiji, na kwamba mtoto mwenye bunduki ana nafasi ya kuishi kuliko asiye nayo. Usitafute ukatili katika fikra hiyo. Ni fikra ya ulinzi iliyobanwa hadi ikageuka.

Hapo ndipo utaratibu wa wazee ulipovunjika, na haukuvunjwa na haki za watoto kama inavyodaiwa jioni. Ulivunjwa siku mtu mzima yeyote alipoacha kuwa mlinzi. Mgeni aliingia na silaha bila kupita lubunga. Mwenyeji naye akageuka kuwa wa kuogopwa. Amri ya "mtii kila mkubwa" ilihitaji wakubwa wa kuaminiwa, na vita viliwachanganya na wengine hadi mtoto hawezi kuwatofautisha.

Yaliyotokea Kavumu, kaskazini ya Bukavu katika jimbo hilihili la Kivu Kusini, yalimaliza hata imani katika ukuta wa nyumba. Kwa miaka kadhaa kuanzia 2013, watoto wa kike wadogo walichukuliwa usiku wakiwa wamelala kwao na kubakwa. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifungo cha maisha Frederic Batumike, mbunge wa jimbo, pamoja na watu wa kundi lake. Mtu mkubwa, mwenye cheo, anayeheshimiwa: vile vyote ambavyo malezi ya zamani yalimfundisha mtoto kuvinyenyekea. Kesi ile iliwezekana kwa sababu mama wa kawaida waliendelea kulisema jambo ambalo wenye mamlaka hawakutaka kulisikia.

Sheria zilikwisha kuandikwa. Mwaka 2006 Kongo ilipitisha sheria mbili dhidi ya ubakaji na unyanyasaji wa kingono. Tarehe 10 Januari 2009 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Mtoto, inayomhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inayokataza kumwingiza jeshini na kumshtaki kwa uchawi, na iliyoanzisha mahakama za watoto. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilipitisha Sheria ya Mtoto mwaka huohuo wa 2009, na Zanzibar ikafuata mwaka 2011. Kwa maneno ya karatasi, mtoto wa Lweba na mtoto wa Kigoma walipata ulinzi katika mwaka mmoja. Ila shule ya Tanzania iliendelea kuruhusu kiboko chini ya kanuni, na Lweba ina sheria nzuri huku mahakama ikiwa mbali na barabara ikiwa mbovu. Kila upande wa ziwa una kipande ambacho mwenzake hana.

Kipande cha Lweba kinaonekana katika kesi za wasichana. Zamani binti akiharibiwa, jeraha lilihesabiwa kuwa la ukoo. Wanaume waliketi, wakapanga mbuzi au ng'ombe, na mara nyingine aliyemharibu akaambiwa amwoe. Amani ilirudi kati ya koo mbili. Binti hakuulizwa. Sheria za 2006 zinakataa mapatano hayo, kwa kuwa kosa ni dhidi ya binti mwenyewe na dhidi ya nchi. Mapatano hata hivyo yanaendelea katika vijiji vingi, kwa sababu mbuzi anafika wiki hii na hakimu huenda asifike mwaka huu. Anayetaka mapatano yaishe hana budi kuisogeza mahakama. Kuwahubiria wazee hakutoshi.

Kuna wanaosema mambo haya yote ni ya kizungu. Historia haiwaungi mkono. Uingereza ilikataza wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi katika migodi ya makaa mwaka 1842 tu, kwa hiyo kabla ya hapo mtoto wa mgodini Uingereza hakuwa salama kuliko mtoto anayechekecha mchanga wa dhahabu Misisi, upande wa kusini wa Fizi, leo. New York ilipata chama cha kwanza cha kuzuia ukatili kwa watoto mwaka 1875, baada ya kesi ya msichana Mary Ellen Wilson aliyekuwa akiteswa na waliomlea. Eglantyne Jebb alianzisha Save the Children mwaka 1919, na tamko lake la haki za mtoto likapitishwa Geneva mwaka 1924. Sweden ilikuwa nchi ya kwanza kupiga marufuku kumchapa mtoto hata nyumbani, mwaka 1979, wakati baadhi ya wazee wanaolalamika leo Lweba walikuwa tayari wazazi. Kila mahali babu na mjukuu wamebishana jambo hilihili. Huku wamelibishana baada ya vita, na kwa haraka zaidi.

Wapo Babembe waliolazimika kulibishana katika nchi ya watu. Kutoka Nyarugusu, familia nyingi za Fizi zimehamishiwa Marekani, na huko mizani imepinduka kabisa. Dada wa miaka tisa anayemlinda mdogo wake ni sifa Lweba. Katika mji wa Marekani anaweza kumletea mama yake maafisa wa ustawi wa watoto mlangoni. Mtoto mchanga anafungwa mikanda katika kiti chake ndani ya gari, na asipofungwa baba anatozwa faini. Shuleni watoto wanafundishwa kupiga 911 wakiwa hatarini, na wazazi wengi wanaishi wakihofia kwamba kofi moja litaleta polisi. Mzazi aliyekuwa na mamlaka yasiyo na mipaka sasa anaona hana hata kidogo, na baadhi wanajibu kwa kujiondoa: si wangu tena, ni wa serikali. Mtoto analindwa dhidi ya fimbo, kisha anabaki bila wa kumwongoza. Anayedhani Marekani wamelimaliza tatizo la Lweba asikilize wazazi hawa kwanza. Nchi ile ina simu ya kumfikia mlinzi kwa dakika chache, lakini jirani wa ukuta wa pili hajui jina la mtoto.

Mama anayebaki Lweba ana mzani mwingine kabla ya huu wote. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai Kongo, 104 hawakufikisha miaka mitano. Malaria, kuhara na surua vinaua kimya kuliko vita, na Baraka ni mojawapo ya miji ambayo kipindupindu hakijawahi kuihama kwa muda mrefu. Kwa bibi, usalama ulikuwa hirizi shingoni na miiko ya mama mjamzito. Kwa mjukuu ni kadi ya chanjo na chandarua, ingawa chandarua nacho, njaa ikizidi, hukutwa ziwani kikivua samaki wadogo. Mvua nazo zimekuwa kali: Mei 2025 maji yaliyoteremka usiku yalizoa kijiji cha Kasaba, katika sekta ya Ngandja humuhumu Fizi, yakaua makumi ya watu. Hatari za mahali ambazo wazee waliziogopa hazijaondoka. Zimeongezewa nyingine juu yake.

Hata jambo jema limekuja na pengo lake. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali zinapaswa kuwa bure, na wasichana ambao zamani walibaki nyumbani wakibeba wadogo zao sasa wako darasani, mara nyingine wakibanana katika darasa moja kuliko inavyostahili. Ni ushindi. Lakini mama bado anakwenda shambani, na mlezi wake mdogo amekwenda shule. Nani anabaki na mtoto wa miaka miwili, hatua mia moja kutoka ziwani? Watunga sera walimtoa dada katika kazi ile bila kuuliza ilikuwa kazi gani.

Jibu la kale kwa swali hilo lilikuwa bibi, na hapa narudi kwenye upenyo nilioutaja. Vita vilimtenganisha bibi na wajukuu kuliko vilivyofanya kwa mtu mwingine yeyote wa nyumbani. Wengine hawakuweza kukimbia. Wengine walizikwa katika kambi za Lugufu na Nyarugusu. Familia zilizorudishwa kwa meli hadi Baraka kuanzia 2005 mara nyingi zilikuwa za baba, mama na watoto waliozaliwa kambini, na zile zilizokwenda Marekani zilikatwa na wazee wao kwa bahari nzima. Amri za babu zilibaki, kwa kuwa amri hubebeka. Sikio la bibi halikubebeka. Kwa hiyo mtoto wa leo amerithi nusu ya mila: nusu inayomtaka anyamaze, bila ile iliyompa pa kusemea. Ukimwona anamjibu baba yake barazani, mara nyingi ni kwa sababu jikoni hakuna aliyebaki wa kumjibu.

Vikundi vya ulinzi wa mtoto vya vijijini, vile vinavyoitwa RECOPE kwa kifupi cha Kifaransa, na mabanda ya michezo yaliyowekwa kwa ajili ya watoto wa Burundi katika kambi ya Lusenda tangu 2015, vinajaribu kujaza nafasi hiyo bila kuitaja. Vinafanya kazi nzuri panapokuwa na watu wenye subira. Ila mara nyingi vimejazwa na wenye vyeo na wenye kusoma Kifaransa, wanaume kwa wingi, yaani watu wa aina ileile ambao mtoto alifundishwa kunyamaza mbele yao. Na fedha za mradi zikiisha, kikundi hubaki jina ubaoni.

Kwa hiyo mabishano ya jioni yamekosea mlango. Usikivu wa mtoto haupaswi kufutwa mahali ambapo mto unaweza kushuka usiku. Mtoto wa Lweba bado anahitaji kusimama mara moja akiambiwa simama. Anachohitaji zaidi ni kujua kwamba kuna amri zisizotiiwa: hakuna mkubwa, awe mjomba, mwalimu, mchungaji au askari, anayeweza kumwamuru kushika bunduki, kuvua nguo, au kuficha siri kwa mama yake. Amri kama hizo zinaweza kufundishwa kwa ufupi uleule wa zamani, bila hotuba. Usiingie ndani peke yako na mtu. Ukiambiwa usiseme, sema. Waambie wawili, asiposikia mmoja atasikia wa pili. Mtoto aliyeweza kukumbuka kwamba haitikiwi sauti ya gizani anaweza kukumbuka haya.

Ya pili ni kuwarudisha bibi kazini, na kuwapa kile ambacho mila haikuwapa. Bibi wa zamani alisikia, lakini hakuwa na nguvu juu ya lubunga. Neno lake lilifika kwa wanaume kama ombi, nao walikuwa na uhuru wa kupanga mbuzi na kulifunga. Sheria za 2006 na ile ya 2009 zina nguvu hiyo, lakini hazina sikio kijijini. Mtoto wa miaka minane hatembei hadi Baraka kutafuta hakimu. Weka wanawake wazee walioaminiwa na watoto katika RECOPE, uwalipie muda wao wa kukaa na wadogo mchana wakati dada wako shule, na wakiripoti jambo, lisirudi barazani kupatanishwa. Lubunga ibaki na kazi yake ya zamani iliyo bora: kumuuliza mgeni ametoka wapi. Kesi ya mtoto iende mahakamani, na mahakama ya kuhamahama, ambayo Fizi imekwisha kuiona ikiketi Baraka kwa kesi za wanajeshi, ije kwa ajili ya watoto pia.

Wazee watasema hapo ni kumpa mtoto mdomo mbele ya wakubwa. Mdomo huo alikuwa nao siku zote, jikoni kwa bibi, na kijiji kiliishi kwa kuusikiliza. Jipya ni moja tu: safari hii anayesemwa hatakuwa na nafasi ya kuketi upande wa waamuzi.